Njia ya Namugongo, Njia ya Nyimbo Zetu

Kwa wengi wetu hapa Likuyani, Namugongo ni mahali pa kwenda hija angalau mara moja maishani: kuvuka mpaka pale Malaba, kupita Tororo na Jinja, kukesha, kisha kurudi na maji kwenye chupa. Lakini ukifuata historia, sisi ndio tuliotoka huko.

Hadi mwaka 1902 sehemu hizi za magharibi zilihesabiwa ndani ya Uganda. Mapadre wa Mill Hill walifika Nsambya, Kampala, mwaka 1895 chini ya Askofu Henry Hanlon. Kutoka huko wakaja Kisumu 1903, Mumias 1904 na Mukumu 1906. Likuyani baadaye ilikuwa mashamba ya walowezi Wazungu. Yalipogawanywa wakati wa uhuru, wazee wetu walipanda huku na jembe, rozari na nyimbo za Kilatini walizofunzwa misheni. Kwaya yetu ni mtoto wa hao.

Mashahidi wenyewe waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Siku kubwa ilikuwa tarehe 3 Juni 1886, nayo ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Karoli Lwanga alichomwa peke yake, mahali basilika ilipo sasa. Wenzake, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, waliviringishwa katika matete na kuchomwa mbele kidogo, ambako leo Waanglikana wana kanisa lao la kumbukumbu. Kizito, aliyekuwa na miaka kama 14, alikuwa amebatizwa na Lwanga siku chache tu kabla. Mahujaji wengi wa Kikatoliki huishia kwenye basilika. Ni hasara, kwa sababu Kizito hakufia pale.

Mwaka tulipokwenda sisi, mvua ilianza kabla ya Misa na haikukatika. Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa Uganda, kwa hiyo uwanja ulijaa hadi ukingoni mwa ziwa dogo, na hakuna aliyeondoka. Vitabu vya nyimbo tulivificha ndani ya makoti. Ngozi ya ngoma ikinywa maji hulegea. Yetu ikawa inalia kama godoro linalopigwa. Tukaimba kwa sauti tupu na makofi. Baadhi yetu waliona aibu. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alisema ndivyo walivyoimba zamani Mukumu, bila ngoma.

Alisema kweli. Ngoma ni mgeni wa juzi kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungulia lugha na muziki wetu mlango tarehe 4 Desemba 1963. Tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso ukiendelea, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu, na mwaka huohuo Joseph Kyagambiddwa, Mganda, akawatungia oratorio kwa muziki wa kwao. Mashahidi na ngoma walipata nafasi altareni karibu kwa pamoja, wakati wazee wetu walikuwa bado wanajenga vibanda vyao vya kwanza huku.

Ngoma ile tuliianika siku mbili tuliporudi, ikawambwa upya. Ndiyo itakayopigwa leo wakati wa vipaji.