Sumaku Peke Yake Haioni Ugonjwa

Tunapozungumzia mashine za hospitali, aghalabu tunasifu chuma na kusahau mpango wa kazi yake. Juma hili natoa mfano wa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio.

Tarehe 3 Julai 1977, huko Brooklyn, New York, Dakta Raymond Damadian na wenzake walipata picha ya kifua cha mtu aliye hai. Kazi hiyo ilichukua karibu saa 5, kwani mtu yule alisogezwa kidogo kidogo ili kila nukta ipimwe. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini ni mgonjwa gani mahututi angevumilia hayo?

Jibu lilitoka Aberdeen, Uskoti. Kundi la Profesa John Mallard lilikuwa na sumaku ya tesla 0.04 tu, mashine nyingi za hospitali leo zina tesla 1.5. Tena, kupumua kwa mtu kuliziharibu picha. Mwaka 1980 Jim Hutchison, Bill Edelstein na wenzao walibaki na sumaku ileile, wakabadili mpango wa vipimo.

Mawimbi ya redio hugutusha viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji na mafuta ya mwili, navyo hurudisha mlio. Wao waliusikiliza mlio huo mara nyingi, kila mara baada ya muda uleule, huku nguvu ya sumaku ndogo ya nyongeza ikibadilishwa hatua kwa hatua.

Tarehe 28 Agosti 1980 walimpima mgonjwa mmoja. Picha zilionyesha kansa kifuani, ini lenye kasoro, na kansa iliyokwisha kuingia mifupani. Mpango huo ungali msingi wa vipimo vingi hadi leo.

Hata muda una siri yake. Mapigo ya redio yakifuatana upesi na mlio ukasikilizwa mapema, mafuta hung'aa. Nafasi hizo zikirefushwa, maji hung'aa, na uvimbe wa ubongo hujitokeza. Mgonjwa aliyepangiwa vipimo visivyomfaa aweza kuambiwa ni mzima, kumbe sivyo.

Kwa hiyo nikisikia hospitali imenunua mashine hii, bei siyo swali langu la kwanza. Nauliza: nani atapanga vipimo, na amefundishwa vya kutosha? Jembe halilimi lenyewe.