HADITHI ZA NESI, SEHEMU YA 6: Alifuata Uji, Akakuta Sataranji

Leo tuweke kadi ya kliniki pembeni kidogo, twende Uganda.

Mwaka 2005, mtaa wa Katwe, Kampala, binti wa miaka kama 9 alimfuata kaka yake kimyakimya. Ni Phiona Mutesi. Baba alishafariki, shule kaacha kwa kukosa ada. Huko kaka alikokwenda, mwalimu Robert Katende aliwapa watoto uji na kuwafundisha sataranji, yaani chesi. Phiona alifuata uji kwanza. Aliyemwonyesha kete zinavyotembea alikuwa mtoto wa miaka 4!

Mwaka 2010 akafika Urusi, mji wa Khanty-Mansiysk, kwenye Olimpiadi ya chesi. Alipokutana na Dina Kagramanov wa Kanada aliteleza mapema, kete mbili ndogo zikaliwa, akafungwa. Wacheza bao mnajua: ukikosea mwanzoni, unalipa.

Mchezo ulipotea, yeye hakupotea. Mwaka 2012, mjini Istanbul, akapata cheo cha kimataifa.

Sasa wewe mama unayesema, "Nesi, uzito wa mwanangu umeshuka, naona aibu kuja." Siku 1000 za mwanzo ni muhimu kweli, sikufichi. Ila kuchelewa kuja ni afadhali kuliko kutokuja. Kesho mlete, tumpime, tupange chakula chake pamoja. Hakuna atakayekugombeza.

Haya, niambieni: uji wa leo mmechanganya nini?