Tatizo la Tarehe katika Vijitabu vya Mauzo vya Subaru 360

Kijitabu cha mauzo kilichapwa ili kimshawishi mnunuzi, si ili kimtumikie mwanahistoria. Ndiyo maana nakala zinazohusu Subaru 360, gari dogo lililotengenezwa na Fuji Heavy Industries ya Japani kuanzia 1958 hadi 1970, aghalabu humfikia mkusanyaji zikiwa hazina mwaka. Umbo la gari halisaidii sana, kwani lilibadilika kidogo mno. Maelezo ya injini yana manufaa zaidi: toleo la mwanzo lilikuwa na nguvu za farasi 16, ilhali Young SS ya 1968 ilifikia 36 kwa ujazo uleule wa sentimita za ujazo 356. Kijitabu kinachotaja 36, basi, hakiwezi kutangulia mwaka huo.

Hata hivyo, ushahidi wenye uzito zaidi haumo katika gari, bali katika anwani. Japani ilianza kutumia misimbo ya posta tarehe 1 Julai 1968. Anwani iliyochapwa pamoja na msimbo haiwezi kuwa ya miaka ya mwanzo ya gari hili. Kinyume chake hakithibitishi lolote, kwa kuwa mchapaji aliweza kuendelea kutumia anwani ya zamani. Tahadhari kubwa zaidi ni juu ya muhuri wa wakala: huo hueleza wakati wa kugawiwa, wala si wa kuchapwa, na anayeyachanganya hukipa kijitabu umri usio wake. Nakala yenye nguvu 36 lakini isiyo na msimbo tungeiweka kati ya 1968 na 1970, bila kubana zaidi.