Makarani wa Cadby Hall na Uanagenzi wa Kompyuta

Mwaka 1563, katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyomkataza mtu kushika kazi yoyote ya ufundi iliyojulikana zama zile mpaka awe amekwisha kutumikia uanagenzi wa miaka isiyopungua 7 chini ya fundi aliyekubalika. Na sheria hiyo ikatawala maisha ya wahunzi, maseremala na wafumaji kwa muda wa karne mbili na nusu, hata vifungu vyake vya uanagenzi vikafutwa mwaka 1814. Desturi ya kale ilikuwa kuuandika mkataba mara mbili juu ya ngozi moja, kisha ngozi ile hukatwa baina ya maandishi mawili kwa mstari wa menomeno, fundi akachukua kipande chake na wazazi wa kijana chao, ili siku ya khitilafu vipande vikutanishwe mbele ya hakimu, na meno yakikubaliana ijulikane kwamba hati ni ya kweli. Kijana aliahidi kulala chini ya paa la fundi, kutunza siri zake, kutooa kabla ya muda kwisha, na kujitenga na kamari na vilabu vya pombe. Fundi naye aliahidi kumlisha, kumvika na kumfundisha kazi pasipo kumficha kitu.

Wengi wetu hudhani ya kwamba kazi ya kompyuta haina nasaba na mambo hayo, kwamba ilizaliwa katika vyuo vikuu na ikashushwa maofisini na wenye shahada. Tarikhi yasema vingine. Kompyuta ya kwanza duniani kutumikia shughuli za kila siku za biashara iliwekwa na kampuni ya mikahawa ya chai, na waliofundishwa kuitumikia walikuwa, kwa sehemu kubwa, makarani wa kampuni hiyo hiyo, wakifunzwa kazini, kando ya waliowatangulia, kazi yenyewe ikiendelea.

Kampuni hiyo ni J. Lyons, iliyofungua mkahawa wake wa kwanza London, katika mtaa wa Piccadilly, mwaka 1894, na ambayo makao yake makuu, Cadby Hall, yalikuwa Hammersmith, yakikusanya mahali pamoja viwanda vya mikate na keki pamoja na majeshi ya makarani. Mkahawa mmoja huuza vitu vidogo vidogo kwa senti chache, na faida ya kikombe cha chai ni nyembamba mno. Lakini kila kikombe na kila andazi sharti liandikwe, lijumlishwe, lilinganishwe na fedha iliyoingia. Kwa sababu hiyo John Simmons, mwanahisabati aliyetoka Cambridge na kuajiriwa na Lyons mwaka 1923, aliunda idara maalumu ya kuchunguza jinsi kazi za ofisi zinavyotendeka, nani huandika nini, karatasi hupita mikononi mwa nani, na wapi jasho hupotea bure. Naona kazi hiyo ndiyo msingi wa yote yaliyofuata, kwani kompyuta ilipofika iliwakuta watu waliokwisha kuijua ofisi yao mpaka mifupani.

Mwaka 1947 Lyons iliwatuma wakubwa wake wawili, Raymond Thompson na Oliver Standingford, kwenda Marekani kutazama mambo mapya ya ofisi. Huko Princeton walionana na Herman Goldstine, mmoja wa waliohusika na kompyuta ya awali ya ENIAC, naye akawaambia kwamba jirani na kwao, huko Cambridge, Maurice Wilkes alikuwa akiunda mashine ya namna ile. Basi waliporudi kampuni ikakipa Chuo Kikuu cha Cambridge pauni 3,000, na fauka ya fedha ikamwazima mfanyakazi wake mmoja, Ernest Lenaerts, akasaidie kuunda mashine na huku akijifunza. Mwanagenzi wa kwanza wa habari hii, kwa hiyo, ni mtumishi wa kampuni ya chai aliyepelekwa kukaa miguuni pa mafundi wa chuo kikuu. Mashine ya Wilkes ilipofanya hesabu zake za kwanza mwezi wa Mei 1949, Lyons ikaamua kujenga yake, ikimtwika kazi hiyo mhandisi John Pinkerton, na ikaiita LEO.

LEO ilikuwa na valvu za kioo zipatazo 6,000, ikajaza chumba kizima, na kumbukumbu yake ilihifadhiwa ndani ya mirija mirefu ya zebaki, ambamo habari zilisafiri kama mawimbi ya sauti zikizunguka bila kukoma. Novemba 1951 ilianza kuhesabu thamani ya mikate na keki za viwanda vya Cadby Hall.

Lakini mashine haikuwa na mtu wa kuiamrisha, na hapakuwa na chuo popote ambapo mtu wa namna hiyo angaliweza kuombwa. Tangu mwaka 1950, basi, Lyons iliandaa mafunzo ya juma moja ya kuwapima watu. Waliohudhuria hawakuulizwa wanajua nini. Walifundishwa mchana jambo wasilolijua kabisa, wakapewa maswali ya kufumbua, na wakatazamwa jinsi akili zao zinavyokwenda. Katika mafunzo ya mwaka 1952 alikuwamo mwanamke mmoja tu, Mary Blood, aliyesomea lugha ya Kifaransa na ambaye baba yake alikuwa tabibu wa kampuni; alikuwamo pia Frank Land, karani aliyeletwa Uingereza kutoka Berlin akiwa mtoto, akikimbia maangamizi ya Wayahudi. Wawili hao ndio waliochaguliwa. Mary Blood, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Mary Coombs, akawa mwanamke wa kwanza kuandika programu za biashara. Na Frank Land hatimaye akawa profesa wa kwanza wa mifumo ya habari nchini Uingereza.

Baada ya juma lile ndipo uanagenzi wenyewe ulipoanza, na fundi mkuu alikuwa David Caminer, aliyeingia Lyons mwaka 1936, mtu mkali katika kazi, asiyekubali neno lipite pasipo kupimwa. Mwanagenzi aliandika programu yake kwa kalamu, mstari baada ya mstari, baada ya kuchora njia yote ya kazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha mwenzake aliipitia neno kwa neno kana kwamba yeye ndiye mashine, akitafuta pahala itakapokwama. Aibu ya kosa kuonekana na mwenzio mezani ilikuwa mwalimu aliyeshinda hotuba nyingi. Na kosa lililovuka meza lilikuwa na gharama, kwani mishahara ya watu ilitegemea hesabu zile: karani mwenye uzoefu alichukua kiasi cha dakika 8 kukokotoa mshahara wa mfanyakazi mmoja, ilhali LEO ilichukua sekunde moja na nusu.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kuagizia mikahawa, iliyoanza mwaka 1954. Kila mkahawa ulikuwa na agizo lake la kudumu kwa kila siku ya juma, na msimamizi wake, kwa simu, saa maalumu za alasiri, alitaja mabadiliko tu: mikate zaidi, keki pungufu. Aliyepokea simu, visikizio vikiwa masikioni, alitoboa kadi papo hapo. Kadi zikaingia ndani ya LEO, na LEO ikatoa orodha za kupakia magari yatakayoondoka usiku. Waandishi wa programu hawakuweza kuipanga kazi hiyo pasipo kumjua yule mama wa mkahawani, haja zake na haraka zake. Na chumbani mwa mashine palikuwa na wale walioitunza: kipaza sauti kilikuwa kimeunganishwa nayo, na mwendeshaji mzoefu aliijua kila programu kwa mlio wake, akatambua kwa sikio kwamba mashine imeanza kujizungushia mahali pamoja kabla kipimo chochote hakijamwambia. Elimu ya namna hiyo haipatikani vitabuni. Hupatikana kwa kukaa na mwenye sikio.

Lyons iliunda kampuni ya LEO Computers mwaka 1954, ikaiunganisha na kampuni ya English Electric mwaka 1963, na mwaka 1968 urithi ule wote ukaingia ndani ya kampuni kubwa ya kompyuta ya ICL. Jina hilo wazee wa Hazina ya Dar es Salaam walilijua vyema. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, ilikuwa imewekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na iliyofuata ilikuwa ya ICL. Bahati mbaya mashine zilitangulia na mafundi wakabaki nyuma: walioziendesha walikuwa kwa sehemu kubwa wageni wa mkataba, wenyeji waliofunzwa walikuwa wachache, hesabu za serikali zikavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Wako walioicheka amri hiyo baadaye. Mimi naiona kuwa ni jawabu la uchungu la watu walioletewa chombo bila kuletewa nafasi ya kukaa kando ya fundi wake kwa miaka ya kutosha.

Miaka ishirini baada ya amri ile, mwaka 1994, Tanzania ilitunga sheria iliyounda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na mwaka huo huo Uingereza ikaanzisha mpango wake wa uanagenzi mpya. Tangu Aprili 2017 waajiri wa Uingereza wenye malipo ya mishahara yapitayo pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa nusu ya asilimia moja kwa ajili ya mafunzo hayo, na miongoni mwa kazi zinazofundishwa kwa njia hiyo imo ya kuwasaidia wafanyakazi katika matumizi ya kompyuta: kufungua akaunti iliyojifunga, kumwelekeza muuguzi au karani wa halmashauri katika programu mpya, kusikiliza malalamiko kwa simu na kuyaandika barabara. Kijana hulipwa mshahara akijifunza, husaini mkataba pamoja na mwajiri, na mwisho hupimwa kwa kazi halisi aliyoitenda ofisini kwake, kama alivyopimwa Mary Blood kwa hesabu za mishahara ya watu wa Lyons.