Histeroskopi: Kuangalia Si Kusafisha

Mwanamke akiambiwa na daktari kwamba kuna kifaa kitakachopitishwa hadi ndani ya kizazi chake, neno la mtaani linalomjia mwanzo ni kusafishwa. Kusafisha kizazi ndilo jina tulilozoea kwa kazi ya kukwangua au kufyonza mabaki baada ya mimba kuharibika, na kwa kuwa kazi hiyo hufuata pia mimba iliyotolewa, jina limebeba shutuma ambayo hakuna mke wa mtu wala mjane wa Wete au Mkoani, Pemba, atakayependa isikike kwenye benchi la kusubiria. Histeroskopi ni kitu kingine. Daktari hupitisha ukeni, kisha kwenye mlango wa kizazi, kijiti chembamba chenye taa na lenzi, kwa kawaida cha unene wa milimita 3 hadi 5. Maji ya chumvi ya hospitali hutiwa taratibu ili kuta za kizazi, ambazo siku zote zimegusana, ziachane, na kinachoonekana humo huoneshwa kwenye skrini. Ikiwa ni kuangalia tu, dakika chache zinatosha. Ninachodai ni kwamba istilahi ya Kiswahili ya kipimo hiki lazima ikitenge na kusafisha, na kwamba inayoweza kufanya hivyo ni hii: uchunguzi wa ndani ya kizazi kwa kamera.

Kuvitenga vitu hivi viwili ni suala la tiba kabla ya kuwa suala la lugha. Kwa miaka mingi, mwanamke aliyetokwa na damu isiyoeleweka alikwanguliwa ili utando wa ndani ya kizazi upelekwe maabara, na mkono uliokwangua haukuona ulichogusa. Mwaka 1975 madaktari wawili wa Marekani, Stock na Kanbour, walivikagua vizazi vilivyotolewa baada ya kukwanguliwa, wakakuta kwamba katika asilimia 60 hivi hata nusu ya eneo la ndani haikuwa imefikiwa. Kinyama kidogo kilichoota ukutani na kujificha pembeni hupona katika mkwanguo kama huo. Kuona kwanza ni wazo la zamani: Pantaleoni, daktari wa Kiitaliano, alichungulia kizazi cha mwanamke aliyekuwa akitokwa na damu baada ya kukoma hedhi, akakuta kinyama, akaandika habari zake mwaka 1869. Mapitio ya mwaka 2002 yaliyokusanya tafiti 65 za wanawake zaidi ya 26,000 wenye kutokwa na damu isivyo kawaida yanaonesha faida yake: kamera isipoona dalili ya saratani, uwezekano wa kuwa nayo hushuka hadi asilimia 0.6, ikiiona, hupanda hadi karibu asilimia 72. Asilimia 72 si 100, ndiyo maana kipande hukatwa na kupelekwa maabara kuthibitishwa. Hata hivyo, safari hii anayekata anaona anapokata.

Pemba ina sababu yake ya kudai jina linalotaja kiungo waziwazi. Ni kisiwa kilichoishi na kichocho cha mkojo vizazi kwa vizazi, na maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, imekuwa ngome ya utafiti wa maradhi hayo. Kichocho husababisha damu kwenye mkojo, na kwa wanawake kinaweza pia kuacha majeraha na vidoa kama chembe za mchanga ukeni na kwenye mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kizima cha picha za majeraha hayo mwaka 2015. Kwa hiyo mwanamke wa hapa anaposema ameona damu, swali la mwanzo ni imetoka wapi: kibofu, mlango wa kizazi, au kizazi chenyewe? Kila mahali pana kifaa chake cha kuangalilia, na majina ya kitaalamu (sistoskopi, kolposkopi, histeroskopi) yanafanana mkia kiasi cha kumchanganya hata mwanafunzi wa uuguzi. Mtindo wa kutaja kiungo unaondoa mkanganyiko huo papo hapo: uchunguzi wa ndani ya kibofu kwa kamera ni kitu kimoja, wa ndani ya kizazi ni kingine. Neno ndani lisiachwe njiani, kwani altrasaundi nayo huchunguza kizazi, ila kwa nje ya ukuta wake.

Wapo watakaopendekeza darubini ya kizazi, neno zuri kwa sikio. Lakini darubini kwa asili yake ya Kiajemi ni chombo cha kuonea mbali, na jamaa yake hadubini tayari inafanya kazi maabara, kwenye kipande hichohicho kilichokatwa. Fomu moja yenye darubini na hadubini ni mwaliko wa makosa. Wengine watasema tubaki na histeroskopi, kwa kuwa watu walijifunza eksirei na altrasaundi bila kufasiriwa. Kweli walijifunza, lakini vifaa vya vipimo hivyo kwa kawaida haviingii mwilini. Hiki kinaingia mwilini mahali pa faragha kuliko pote, na ridhaa kwa neno usilolielewa si ridhaa. Hata hivyo, jina la kitaalamu lina kazi yake: tangu mwaka 1964 madaktari wa jimbo la Jiangsu, China, wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu, na Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, ni kituo chao Pemba. Daktari Mchina na muuguzi Mpemba wanahitaji histeroskopi kwenye faili ili waelewane. Ibaki humo.

Pingamizi zito ni la neno kamera. Katika jamii inayositiri mwili, na zama hizi za simu mkononi, kamera ni picha, na picha husambaa. Hofu hii haifai kuchekwa. Wala haitaondoka kwa kulificha neno, maana kamera yenyewe ipo; ikitajwa mapema, muuguzi atalazimika kueleza kama picha inahifadhiwa, na nani, na mgonjwa atapata nafasi ya kukataa isihifadhiwe. Na aliyeogopa vyuma vya kupanulia uke aambiwe pia kwamba ipo njia isiyovitumia, iliyoenezwa na Bettocchi wa Bari, Italia, katika miaka ya 1990.

Jina hili pia lisiahidi kupita uwezo wa kipimo. Kamera huona vinyama, faibroidi zilizochomoza ndani, makovu, kiwambo cha kuzaliwa nacho na kitanzi kilichopotea. Haioni faibroidi iliyozama ukutani, wala ndani ya mirija isipokuwa vinywa vyake. Haifanywi kwa mwenye mimba wala mwenye maambukizi makali ya nyonga. Kutoboka kwa kizazi hutokea kwa nadra, na maumivu mara nyingi hufanana na ya hedhi. Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) na Wizara ya Afya Zanzibar waliandike jina hili kwenye fomu za ridhaa, na kukwangua kuwe na mstari wake mbali. Nawe dada unayepewa kalamu, uliza kabla ya kutia saini: leo ni kuangalia tu, kukata kipande, au kukwangua?