Nani Apange Bei ya Mgeni? Makindye, Bwindi na Bigodi katika Mjadala wa Utalii wa Jamii

Sera za utalii nchini Uganda zimejengwa juu ya imani kwamba kijiji kikitengewa asilimia fulani ya mapato, maendeleo yatafuata. Sheria ya Wanyamapori ya 1996 ilitenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa serikali za mitaa zinazopakana nazo, na sheria ya 2019 ikaliendeleza fungu hilo. Makala haya yanaipinga imani hiyo. Uchumi wa kijiji hukua pale wanakijiji wanapokuwa na mamlaka ya kupanga bei na kumpokea mgeni wenyewe.

Kwamba ukaribu na watalii hautoshi, ushahidi uko hapa Makindye, jijini Kampala. Kitongoji chake cha Munyonyo kilipokea viongozi wa Jumuiya ya Madola mwaka 2007, na Januari 2024 kikapokea mkutano wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote. Mahujaji nao huja mahali ambapo mashahidi Wakristo wa kwanza wa Mei 1886 waliuawa. Mwendo mfupi kwa bodaboda kutoka hapo, kwenye mwalo wa Ggaba kando ya ziwa, wanawake wanauza sato na kuanika mukene (dagaa). Mgeni amekwisha kulipia chumba, chakula na usafiri kabla ndege haijatua Entebbe, na muuza samaki hakuhusika popote katika mapatano hayo.

Wataalamu wengi wameshughulishwa mno na mvujo wa mapato, yaani fedha za mtalii zinazotoka nje ya eneo analolitembelea. Mtafiti Chris Sandbrook, katika utafiti wake wa hifadhi ya gorila ya Bwindi uliochapishwa 2010, aliwajibu vizuri: hata mvujo ukiwa mkubwa, kinachobaki chaweza kuwa kikubwa kuliko vyanzo vingine vya mapato vya eneo hilo. Nakubaliana naye kuhusu hesabu. Lakini hesabu hiyo haituambii ni nani anayeweza kuibadilisha. Bei ya kibali cha kuona gorila ilipopanda kutoka dola 600 hadi 700 mwaka 2020, tozo inayotengewa jamii katika kila kibali ilibaki dola 10. Fungu la jamii lilishuka kutoka takriban asilimia 1.7 hadi 1.4, na uamuzi wa bei ulikuwa umefanywa Kampala.

Bigodi, kando ya Hifadhi ya Kibale, walikwenda njia nyingine. Mwaka 1992 wenyeji waliunda chama cha KAFRED ili kulinda kinamasi cha Magombe, kilicho nje ya mipaka ya hifadhi. Jambo hilo la mipaka ndilo ninaloliona kuwa msingi wa yote. Kwa kuwa kinamasi hakikuwa cha hifadhi, chama kiliweza kuweka kiingilio chake, kuajiri vijana wa kijijini kuongoza wageni wanaotazama ndege na mbega wekundu, na kuamua faida iende wapi. Waliamua ijenge shule ya sekondari. Wanawake wakapata soko la vikapu mlangoni mwao. Hapa hakuna anayesubiri mgao kutoka wilayani; mgeni akilipa asubuhi, fedha ziko kijijini kabla ya jua kutua.

Atakayesema kwamba Bigodi imebahatika kuwa jirani na sokwe wa Kibale anasema kweli. Lakini vijiji vingi vina jirani wa namna hiyo na havina chama kinachopanga bei. Pingamizi zito zaidi linahusu Batwa, wenyeji wa msituni waliofukuzwa humo Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Jamii si kitu kimoja, na kamati ya kijiji yaweza kuwanyima haki kama ilivyofanya serikali. Kwa hiyo mamlaka ninayoyatetea lazima yaambatane na viti vya Batwa vilivyowekwa kisheria, la sivyo tutakuwa tumehamisha dhuluma kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Tozo ya kibali cha gorila nayo iwe asilimia ya bei, ili bei ikipanda fungu la jamii lipande pamoja nayo. Kwa Makindye pendekezo ni gumu zaidi, maana hakuna hifadhi wala kibali. Kuna ziwa, na ziwa ni mali ya umma. Ushirika wa wavuvi wa Ggaba ukipewa leseni ya kuwatembeza majini wageni wa Munyonyo, kwa nauli utakayoipanga wenyewe, huenda ukawaingizia wanachama wake kipato ambacho mikutano mikubwa haijawaletea.