Besi na Fundi Redio

Soma habari za muziki wetu wa dansi, utakutana na waimbaji, watunzi na wapiga solo. Mpiga besi hutajwa mwishoni, tena akibahatika. Na fundi aliyelifanya gitaa lake liendelee kulia miaka nenda miaka rudi? Huyo hayumo kabisa. Mimi, ndugu msomaji, naanza na huyo.

Leo Fender, Mmarekani aliyeunda besi ya umeme iliyoigwa kuliko zote, hakuwa mwanamuziki. Gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Alikuwa fundi redio pale Fullerton, California, alikofungua duka lake la matengenezo mwaka 1938. Ndiyo maana besi yake, Precision ya mwaka 1951, ina akili ya kifundi: shingo imefungwa kwa parafujo, ikiharibika unafungua, unaweka nyingine. Ikapewa freti, ili mpigaji asibahatishe sauti kama kwenye lile besi kubwa la kusimama nalo.

Lakini freti zikishapigwa mahali pake hazisogei. Kinachosogea ni upande wa pili, kwenye daraja, ambako nyuzi zinakalia vitandiko vidogo. Kila kitandiko kina parafujo ndefu ya nyuma, yenye springi, inayokivuta mbele na nyuma. Na vijiparafujo viwili visivyo na kichwa vinavyokiinua na kukishusha. Besi ile ya kwanza ilikuwa na vitandiko viwili tu kwa nyuzi nne. Ukimrekebishia mmoja, jirani yake anapotea, kama wapangaji wanaogombea taa moja. Mwaka 1957 ndipo kila uzi ulipopata kitandiko chake.

Huku kwetu reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950. Kilichoileta ni madini ya risasi. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Ukiifuata unafika Tabora, mji wa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe. Sisi wa Misunkumilo tuko mwisho wa njia. Chombo kikifika hapa kimeshapita mikono mingi, na spea zake zimebaki huko huko kilikopita.

Na wakati wa bendi hizo, vyombo vingi havikuwa vya wapigaji. Vilikuwa vya shirika, vya jumuiya au vya tajiri; mwanamuziki akihama anaondoka na vidole vyake. Fedha za kigeni zilipoadimika, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hata seti ya nyuzi ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Gitaa likifa, watu wamekosa kazi. Nani aliyazuia yasife? Waandishi wenzangu, wazee hao wengine bado tunao, tena wanakaa na bisibisi zao barazani. Tukawaulize kabla hatujaanza kuwauliza watoto wao.

Mimi nimemkuta mmoja hapa mtaani, fundi redio, analo gitaa la besi la kwaya fulani. Wenyewe walishataka kulitupa. Kwaya ikiwa juu, besi iko chini, watu wanalaumu waimbaji. Mzee hakulaumu mtu. Alilityuni kwanza. Akagusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, ukatoa sauti nyembamba kama filimbi. Akaubana palepale, akapiga tena. Sauti hizo mbili zinatakiwa zifanane. Ya kubana ikiwa juu, kitandiko kinarudishwa nyuma ili uzi urefuke; ikiwa chini, kinasogezwa mbele. Kila akizungusha analegeza uzi kwanza, maana parafujo ikilazimishwa inakula hesi, na hapo umeongeza kazi.

Vile vijiparafujo vya kuinulia ndivyo vilivyomtesa. Jasho la viganja lilishavila, alenki inazunguka tupu. Kubadilisha nako kuna mtego: magitaa mengi ya Marekani parafujo zake zinapimwa kwa inchi, ya Japani, Korea na China kwa milimita. Ukichanganya, ama inacheza, ama inaharibu tundu. Hili lilikuwa la milimita 3. Mzee kafungua deki ya video iliyokufa, kachomoa parafujo nane, kazikata vichwa, kila moja kaichonga mfereji kwa msumeno wa chuma ili ipokee bisibisi.

Saba zilikaa sawa. Ya nane, kwenye uzi wa G, ilitoka ndefu kidogo, inachoma kiganja. Kijana wa kwaya akasema, "Shikamoo tena mzee, hii si ungeipiga tupa tu sasa hivi?"

"Marahaba. Njoo Jumatatu, mwanangu. Leo kuna redio tatu za watu."